Afya ya Jamaa: Kuko Kitu Ndani ya Moyo

 

Mwezi huu tutasema juu ya ugonjwa usioonekana mara nyingi, na juu ya mashine ambayo wengi kati yenu hamjaiona kwa macho. Ugonjwa ni uvimbe ndani ya moyo. Mashine ni ile wanganga wetu wanayoiita IRM, na ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaiita MRI.

Utauliza: "Juu ya nini kutusumbua na mashine ya mbali, sisi ambao hata radio ya kifua inaomba safari ya siku nzima?" Ulizo hilo ni la haki. Kuko sababu mbili. Ya kwanza, dalili za ugonjwa huu zinafanana sana na zile ambazo kwetu watu wanasema, "Huyu wamemulisha sumu." Kwa neno hilo mgonjwa anaweza kufa bila kupimwa, na mama mzee asiye na kosa anaweza kufukuzwa nyumbani kwake. Ya pili, jamaa nyingine wakisikia tu jina la IRM, wanauza ng'ombe na shamba mbio mbio, kabla ya kujua kama picha hiyo inahitajiwa. Soma mpaka mwisho, kisha uwasomee wa nyumbani.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuseme kuko mama wa miaka 40, anayelima mihogo na kuuza ndizi sokoni. Tunamtunga tu kwa mfano, lakini labda unamfahamu mtu anayefanana naye. Miezi sita sasa, akipanda mlima pumzi zinakatika. Usiku akilala chali anakohoa; akigeukia upande mwingine anapata nafuu. Amekonda. Homa ndogo inakuja na kwenda, viungo vinamwuma. Alipewa dawa ya malaria, kisha dawa ya mapafu, na hali haikubadilika. Siku moja anasimama kutoka kitini, kizunguzungu kinampiga, anaanguka. Wiki mbili baadaye mkono wake wa kuume unakosa nguvu na mdomo unapinda.

Hapo maneno yanaanza. "Ni karuho hiyo." "Ni yule muke wa shemeji yake, walikula pamoja kwenye matanga." Jamaa wanampeleka kwa mtu wa kutapisha. Anatapika na kuharisha siku tatu. Mwili unapoteza maji na chumvi zake, figo zinaumia, na moyo uliokuwa umechoka unachoka zaidi. Na yule muke wa shemeji analala kwa jirani, kwa kuogopa vijana wenye mawe mikononi.

Ndugu msomaji, kuko uvimbe wa moyo unaoitwa miksoma. Uvimbe huo mmoja unaweza kuleta kila dalili tuliyotaja: pumzi kukatika, kikohozi kinachobadilika kwa namna ya kulala, kukonda, homa, maumivu ya viungo, kuzimia, hata kupooza upande mmoja. Hakuna aliyemlisha mama huyo kitu.

Lakini angalia, hatusemi kwamba kila anayekosa pumzi yuko na uvimbe wa moyo. Kwetu sababu zinazopatikana zaidi ni nyingine: tansio ya juu, upungufu wa damu, kifua kikuu, milango ya moyo iliyoharibika kwa sababu ya ugonjwa wa koo usiotibiwa utotoni, moyo kulegea kwa mama aliyezaa karibuni, na kwa wachimbaji, vumbi la mawe lililojaa mapafuni. Uvimbe wa moyo ni wa nadra. Tunautaja kwa sababu ukitambuliwa mapema, mara nyingi unaweza kutolewa, na mtu anarudi shambani kwake.

UVIMBE WENYEWE NI KITU GANI?

Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kati yake kuko milango inayofunguka na kufunga kila pigo. Uvimbe ni nyama iliyoota fasi isiyopaswa kuwa.

Nyama hiyo inaweza kuanzia ndani ya moyo wenyewe, au inaweza kutoka kwenye kansere ya fasi nyingine, kama vile ya mapafu au ya ziwa. Hii ya kutoka nje inapatikana mara nyingi zaidi, mara 20 au kupita ile inayoanzia moyoni. Na kati ya zile zinazoanzia moyoni, karibu 3 kati ya 4 si kansere. Lisikie vizuri neno hilo, kwa sababu wengi wakisikia "uvimbe" wanaanza kutafuta mbao za sanduku.

Kwa watu wazima, ile miksoma ndiyo inayojulikana zaidi. Inawapata wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi inaota katika chumba cha juu cha kushoto, ikining'inia kwa kikonyo kama avoka kwenye tawi. Moyo ukipiga, inayumba. Mgonjwa akisimama au kukaa, inaweza kushuka na kuziba mlango. Ndiyo sababu anazimia. Akibadilisha namna ya kulala, inaondoka mlangoni, na pumzi zinarudi. Tena miksoma ni laini, vipande vyake vinaweza kukatika na kwenda na damu mpaka kwenye ubongo. Hapo mtu, hata kijana asiye na tansio, anapooza.

Kwa watoto wadogo kuko aina nyingine, iitwayo rabdomioma, ambayo mara nyingi inapungua yenyewe mtoto anapokua. Munganga anaifuata tu kwa kupima, hakimbilii kisu. Unaona sasa: kusema "kuko uvimbe" hakutoshi. Inaomba kujua ni uvimbe wa aina gani.

MAWE MAWILI MEUSI

Ninyi mnaoishi na machimbo mtaelewa jambo hili upesi kuliko watu wa mjini. Mchimbaji akileta depo jiwe jeusi na zito, mnunuzi hatoi franga pale pale. Koltani ni nyeusi na nzito. Kasiterite nayo mara nyingi ni nyeusi na nzito. Jicho linaweza kudanganyika. Basi wanapima, wengine wanapitisha sumaku juu ya mchanga, kwa kuwa koltani inavutwa kidogo na sumaku yenye nguvu, na kasiterite safi haivutwi. Jiwe halikubadilika, ila sasa jina lake linajulikana, na bei yake vile vile.

Ndani ya moyo iko hivyo hivyo. Chombo cha kwanza ni ekografi ya moyo. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inaingia kifuani, inagonga nyama, inarudi kama mwangwi wa bonde, na mashine inachora picha. Haiumi, haina miale ya hatari, na inaweza kubebwa mfukoni au juu ya moto mpaka kijijini. Mwaka 1959 wanganga wa Ujerumani walieleza namna mwangwi huo ulivyowaonyesha uvimbe ndani ya moyo wa mtu aliye hai. Kabla ya miaka ya 1950, uvimbe wa namna hiyo ulikuwa ukionekana karibu kila mara baada ya mtu kufa, wakati wa kupasua maiti.

Ekografi inaweza kusema: "Kuko kitu hapa, kina ukubwa huu, kinayumba, kinaziba mlango." Mara nyingi maneno hayo yanatosha. Lakini ekografi inachungulia kupitia nafasi ndogo kati ya mbavu, na hewa ya mapafu inaizuia. Pengine munganga anaona kivuli na hawezi kusema kama ni uvimbe, au damu iliyoganda, au mafuta, au ni sehemu ya kawaida ya moyo ambayo kwa mtu huyu imekuwa nene kidogo. Ni mawe meusi yanayofanana. Hapo ndipo IRM inapotafutwa.

IRM INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

IRM ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa lililolazwa, lililo wazi pande zote mbili. Mgonjwa analala juu ya kitanda, na kitanda kinaingia ndani. Sumaku ya mashine za kawaida ina nguvu karibu mara 30,000 ya ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira.

Nyaya za sumaku hiyo zinatengenezwa kwa madini mawili yaliyochanganywa, niobiamu na titaniamu. Vijana wa Rubaya, mnajua jina "koltani" linatoka wapi? Ni majina mawili yaliyokatwa na kuunganishwa: kolumbite na tantalite. Kolumbite ndiyo yenye niobiamu. Tusijidanganye kwamba mawe ya Masisi ndiyo yamejaa katika mashine hizo, kwa maana niobiamu nyingi ya dunia inatoka Brazili. Lakini ndugu wa jiwe mnalolibeba mgongoni ndiye anayeshikilia sumaku hiyo. Nyaya zinapozwa kwa heliamu ya maji maji mpaka digrii 269 chini ya sufuri, na hapo umeme unapita ndani yake bila kuchoka.

Mwili wetu, kwa sehemu kubwa, ni maji. Ndani ya kila tone la maji kuko hidrojeni, na chembe zake zinafanya kama visumaku vidogo sana. Sumaku kubwa inavipanga kwa mstari. Kisha mashine inatuma mawimbi, sawa na yale ya redio yako. Visumaku vinatikisika, vinarudi fasi yao, na vikirudi vinatoa alama. Mafuta yanatoa alama kwa namna moja, maji kwa namna nyingine, msuli kwa namna nyingine, damu iliyoganda kwa namna nyingine. Kwa tofauti hizo mashine inachora picha, na miale ya radio haitumiki hata kidogo. Paul Lauterbur wa Marekani alitoa picha za kwanza za namna hii mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Moyo lakini hautulii. Ukipiga picha ya mbuzi anayekimbia, picha inavurugika. Ndiyo sababu wanabandika nyaya kifuani, na mashine inafuata mapigo, ikipiga picha kila mara moyo ukiwa katika hali ile ile. Wanakuambia: "Vuta pumzi, toa, shikilia." Unashikilia sekunde kumi au kumi na tano, halafu unapumua. Inarudiwa mara nyingi, na kazi yote inaweza kuchukua saa nzima. Mashine inagonga kwa kelele nyingi, kwa hiyo wanakufunika masikio. Haiumi, ila anayeogopa fasi nyembamba aseme mapema.

Katikati ya kazi, mara nyingi wanaingiza mshipani dawa iitwayo gadolini. Dawa hiyo inakwenda na damu. Nyama hai iko na mishipa yake, basi uvimbe unainywa na kung'aa kwenye picha. Damu iliyoganda haina mishipa, basi mara nyingi inabaki nyeusi. Mafuta nayo yanatambuliwa kwa kuzima alama yake, na uvimbe wa mafuta unatoweka katika picha.

Na tofauti hiyo inabadilisha nini? Inabadilisha dawa yote. Damu iliyoganda inatibiwa kwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na mara nyingi mtu hapasuliwi. Miksoma inaomba kupasuliwa bila kukawia. Uvimbe wa mafuta usiosumbua unaweza kuachwa. Kansere iliyotoka fasi nyingine inaomba kutafuta mama yake iko wapi. Ukikosea jina, unaweza kumfungua kifua mtu aliyehitaji vidonge tu, au kumpa vidonge yule aliyehitaji kufunguliwa. Na hata IRM haisemi neno la mwisho: kipande kilichotolewa kinaangaliwa kwa mikroskopu, ndipo jina linathibitishwa.

TUSISAHAU KAMPALA NA INHARRIME

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 1948, munganga J.N.P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alieleza ugonjwa wa moyo aliouona kwa wagonjwa wa eneo letu. Utando wa ndani wa moyo unakuwa mgumu kama kovu, unajaza ncha ya chumba cha chini, na damu inaganda juu yake. Tumbo linavimba kwa maji. Kwenye picha ya haraka, ile ncha iliyojaa inaweza kudhaniwa kuwa uvimbe. IRM pamoja na gadolini inaonyesha kovu na damu iliyoganda juu yake, na munganga anajua kwamba hii si kansere.

Lakini sikia upande wa pili wa habari. Huko Inharrime, wilaya ya mashambani katika Musumbiji, Ana Mocumbi na wenzake waliwapima watu 1,063 kwa ekografi. Matokeo yalichapwa mwaka 2008: karibu mtu 1 kati ya 5 alikuwa na alama za ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwa wamesikia dalili yoyote. Hawakutumia IRM. Walitumia ekografi ya kubebwa na watu waliojua kuisoma.

Ndipo tunapotaka mfike, wasomaji wetu. Kwa mama yule wa mfano, hatua ya kwanza si IRM. Ni mtu wa kumsikiliza kifuani, kisha ekografi ya moyo. Na ikiwa ekografi inaonyesha wazi uvimbe wenye kikonyo unaoyumba katika chumba cha kushoto, wapasuaji wengi hawataomba IRM kabla ya kufanya kazi yao. Mtu anayemkawiza mgonjwa wa namna hiyo akitafuta franga za picha ambayo haitabadilisha kitu, anampotezea siku ambazo kipande kinaweza kukatika na kwenda kwenye ubongo.

CHUMA NDANI YA MWILI WAKO

Neno hili ni la lazima kwa watu wa Masisi na Walikale, kuliko kwa watu wa nchi zenye amani. Sumaku ya IRM haizimwi jioni. Inavuta mchana na usiku. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya Marekani, chupa ya oksijeni ya chuma iliingizwa katika chumba wakati mtoto wa miaka 6 alipokuwa ndani ya mashine. Sumaku iliivuta, ikampiga kichwani, akafa.

Sasa jiulize: katika kijiji chako ni watu wangapi wanaotembea na risasi au kipande cha bomu mwilini? Wapasuaji mara nyingi wanaacha kipande kisichodhuru, kwa kuwa kukitafuta kunaumiza zaidi. Risasi nyingine ni za madini yasiyovutwa, lakini nyingine zina chuma ndani yake, nazo zinaweza kusogea au kupata moto. Basi usifiche. Usiogope kwamba watakuuliza ulipigwa wapi na ulikuwa upande gani; munganga anataka kujua chuma kiko wapi, basi. Kama ulipasuliwa Ndosho kule Goma, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walianza kuwatibu majeruhi wa vita mwaka 2012, au fasi nyingine yoyote, tunza karatasi yako na uende nayo.

Na wewe mchimbaji unayepiga jiwe kwa nyundo na tindo, je, kipande cha chuma kilikwisha kuruka na kuingia katika jicho lako? Hata kama ni miaka kumi iliyopita na hakikuumi tena, kiseme. Chuma kidogo ndani ya jicho kikivutwa kinaweza kulipofusha. Watakupiga kwanza radio ya kawaida ya macho, jambo la dakika chache.

Sema tena kama una mashine ndogo ya kusukuma moyo, chuma cha mfupa uliovunjika, mimba, au ugonjwa wa figo. Mengi kati ya hayo hayakatazi IRM, lakini inafaa wajue. Na ukiingia, acha nje saa, funguo, simu, pini za nywele na vikuku.

KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Tunajua njia zetu. Tunajua mgonjwa anayebebwa kwa kipoyi mpaka barabarani, kisha moto, kisha gari. Tunajua pia kwamba vita vya Januari 2025 vilipofika Goma vilibadilisha safari za watu wengi. Kwa hiyo jamaa wakae chini, wafikiri pamoja, na waende hatua kwa hatua:

1. Mpeleke mgonjwa kwanza kwenye kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya eneo lako. Mweleze munganga mambo matatu bila kukosa: pumzi zinakatika lini, akilala namna gani anapata nafuu, na kama amewahi kuzimia au kupooza hata kwa dakika chache.

2. Omba apimwe tansio, damu, makohozi, na asikilizwe moyo. Ikiwa munganga anashuku moyo, uliza ekografi ya moyo inapatikana wapi karibu zaidi. Sema "ya moyo", kwa sababu ile ya tumbo au ya mimba ni kazi nyingine.

3. Akitaja IRM, uliza kwa heshima: "Munganga, picha hiyo itabadilisha nini katika matunzo yake?" Munganga mzuri hakasiriki. Anaweza kujibu: "Itatuonyesha kama ni damu iliyoganda au uvimbe." Hilo ni jibu la kutosha. Uliza pia kama skaneri iliyo karibu inaweza kusaidia.

4. Ukikubali kwenda, uliza kabla ya safari: "Je, mashine yenu inapiga picha za moyo?" Kinshasa, Kigali, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko na IRM, lakini si kila IRM iko na vyombo vya moyo, wala si kila munganga amefundishwa kuzisoma picha zake. Uliza bei yote, pamoja na gadolini na karatasi ya maelezo.

5. Usitumie franga zote kwa picha. Picha haiponyi. Kuupasua moyo kunaomba hospitali yenye mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Katika eneo letu kazi hiyo inafanywa katika vituo kama Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Uliza mapema kama kuko msaada kwa maskini.

Clarence Crafoord alitoa miksoma na mgonjwa akapona, mara ya kwanza, huko Stockholm, Uswidi, mwaka 1954. Tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya kawaida kwa wapasuaji wa moyo. Wagonjwa wengi wa miksoma wanapona, na ni wachache tu ambao uvimbe unarudi. Ndiyo sababu wanaombwa kurudi kwa ekografi kila mara.

NENO KWA VIJANA

Ninyi vijana ndio mnaotumwa usiku kumtafuta "mwenye sumu". Ndio mnaobeba mawe. Basi mkumbuke mama wa mfano wetu. Ikiwa alikuwa na miksoma, ilianza kuota kabla ya yale matanga, kabla ya ile sahani ya fufu. Yule muke wa shemeji alimkaribisha chakula, ndiyo hayo tu aliyofanya. Mkimfukuza, mgonjwa atabaki mgonjwa, na watoto wa shemeji watakosa mama.

Nguvu hizo hizo za mabega zinaweza kubeba kipoyi. Vijana wanne na njia ya saa tano, hiyo nayo ni dawa. Na wale wanaosali juu ya mgonjwa waendelee kusali, lakini wasimkataze vidonge vyake wala wasimzuie kupimwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, ni nani aliye na risasi, kipande cha bomu au chuma mwilini? Je, karatasi yake ya hospitali iko wapi?

2. Mtu akikosa pumzi kwetu, neno la kwanza tunalosema ni lipi: "Apimwe" au "Ni nani aliyemfanyia"?

3. Ekografi ya moyo iliyo karibu nasi iko wapi, na nani kati yetu anaweza kwenda kuuliza kabla ya mgonjwa kuzidiwa?

Mwezi kesho tutasema juu ya vumbi la shimoni na mapafu ya mchimbaji. Mbaki na amani.